Bei ya Kutupa

Mashine ya kubandika stika ilikuwa mfukoni mwa aproni ya yule kijana, nayo usiku ule haikutoka mfukoni.

Ilikuwa Jumanne, saa mbili na dakika ishirini, katika duka moja kubwa la hapa Nakuru ambalo mimi hupitia nikitoka kazini. Anayelijua duka la aina hiyo saa hizo anajua jinsi sisi wateja wa mwisho tunavyosimama. Hakuna anayepanga foleni wala anayekubali kwamba anangoja. Mmoja anasoma maandishi ya chupa ya jemu kana kwamba ni barua kutoka benki, mwingine anapima mkononi pakiti mbili za sukari zenye uzito uleule, na wote tunamtazama kwa pembe ya jicho kijana wa sehemu ya mikate. Akitoa mashine yake, mkate wa shilingi 60 unakuwa wa 30, skonzi za 50 zinakuwa za 25, na ile jemu inarudishwa mahali pake bila kusomwa hadi mwisho.

Usiku ule alitoka na kreti. Aliinama kwenye rafu akaanza kupakia mikate, miwili miwili, taratibu, kama mtu anayeogopa kuiponda.

Kando yangu alisimama bibi mmoja aliyejifunga leso juu ya sweta. Alikuwa na sarafu tatu za shilingi kumi kiganjani, ameshazitoa, ameshazihesabu.

"Kijana wangu, leo hakuna stika?"

"Leo hapana, shosho."

"Na hiyo mikate inaenda wapi?"

"Inaenda nyuma."

"Nyuma wapi?"

Kijana hakujibu. Aliinua kreti, akageuka, akasukuma kwa bega lile pazia la plastiki nzito linalotenganisha duka na ghala, na pazia likarudi mahali pake likipigapiga. Bibi alizitazama sarafu zake, akazirudisha kwenye fundo la leso, akatoka.

## Swali lililopanda matatu

Nami nilitoka na maziwa yangu, nikapanda gari la Free Area, na swali la yule bibi likapanda nami. Si kwamba nilikuwa sijui kuwa maduka hutupa chakula. Hilo kila mtu analijua, kama anavyojua kwamba maji ya bomba hutoka mahali fulani. Kilichonisumbua ni kwamba safari hii niliona mlango wenyewe, na mtu niliyesimama naye bega kwa bega aliuliza kilichoko upande wa pili, akanyimwa jibu.

Kwanza nilikasirika, na hasira ni kazi nyepesi. Niliandika aya tatu kali kuhusu tamaa ya wenye maduka, zikakaa kwenye simu siku nne, kisha nikazifuta. Kila nilipozisoma niliona zinamshutumu mtu ambaye sikujua anafanya nini, wala kwa nini anafanya hivyo.

Kwa hiyo nikaanza kuuliza.

## Kreti na daftari

Mume wangu ana binamu aliyefanya kazi katika maduka makubwa kwa miaka kumi na miwili, si lile ninalolisema hapa, kabla ya kufungua duka lake dogo kule Lanet. Jumapili moja alipokuja kunywa chai nilimuuliza swali la bibi kama lilivyo: nyuma ni wapi?

Alinieleza kwamba mikate haina nyuma moja. Ile inayoletwa na viwanda vya nje huja kwa makubaliano kwamba isiyouzwa itachukuliwa na gari lilelile na kubadilishwa kwa mingine, hivyo hasara ni ya kiwanda na duka halina haja ya kuihurumia. Iliyookwa dukani humo haina pa kurudi. Hupimwa, huandikwa kwenye daftari la upotevu, mkubwa wa zamu hutia sahihi, kisha baadhi huuzwa kwa magunia kwa wafugaji wa nguruwe na ng'ombe walioko nje ya mji, na inayobaki hungoja lori la taka. Lori la taka la Nakuru, sote tunajua, hupanda hadi jaa la Gioto kwenye miteremko ya Menengai, karibu na mtaa wetu wa London. Huko kuna watu wanaochambua mizigo hiyo kwa mikono ili wapate cha kuuza, na wakati mwingine cha kula.

Nilimuuliza kwa nini wafanyakazi wasipewe. Hapo alinitazama kwa huruma kidogo.

"Shemeji," aliniambia, "ukimruhusu mwokaji abebe kinachobaki, kesho kitabaki kingi zaidi."

Sikupenda jibu hilo, lakini nimefanya kazi ya hesabu miaka mingi na sikuweza kulipuuza. Nimeona posho za safari zikizaa safari. Hata hivyo, tazama jinsi lilivyo: kijana anayelipwa mshahara ambao pengine nusu yake inaishia kwenye kodi ya chumba anabeba kreti ya mikate laini hadi kwenye pipa, na kilicho halali kwa nguruwe wa mtu asiyemjua ni wizi kikiingia mfukoni mwake.

## Rafu isiyotakiwa kuwa na pengo

Swali langu la pili lilikuwa la kitoto: kwa nini wasioke mikate michache?

Binamu alicheka. "Wewe ungeingia saa moja jioni ukute mikate minne kwenye rafu, ungechukua mmoja?"

Nilifikiri kwa unyofu, na jibu ni hapana. Ningeona minne hiyo ni ile iliyokataliwa na wote waliotangulia. Mimi ni katika wale wanaoingiza mkono hadi nyuma ya rafu ya maziwa, hadi kwenye kiwiko, wakitafuta pakiti yenye tarehe ya mbali zaidi, ingawa nitayanywa kesho asubuhi. Pakiti ninayoiacha mbele haiachwi na mimi peke yangu, na kila mkono unaoiruka unaisogeza karibu na lile pazia la plastiki.

Lakini kuna sababu nyingine ya kuogopa pengo, na sisi wa Nakuru tunaielewa kuliko wengi. Majina makubwa ya maduka ya nchi hii yalizaliwa hapa au pembeni mwa hapa. Nakumatt ni Nakuru Mattresses iliyofupishwa, Tuskys iliitwa Tusker Mattresses, na Naivas ilianza mwaka 1990 kule Rongai, ndani ya kaunti hiihii. Ni ajabu kidogo kwamba Wakenya walijifunza kusukuma toroli kwa sababu ya magodoro. Mwaka 2017 rafu za Nakumatt zilipoanza kuwa na mapengo, wateja walijua kabla ya mahakama. Mwanzoni mwa 2018 kampuni ikawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifilisiwe. Mwaka huohuo wa 2020, rafu za Tuskys nazo zikaanza kuonyesha mbao zake. Tangu hapo, mteja wa Kenya akiona rafu tupu hafikirii kwamba biashara imekwenda vizuri. Anafikiri kwamba wanaoleta bidhaa hawajalipwa.

Kisha kuna hesabu yenyewe, na binamu aliifanya kwa kidole juu ya kitambaa cha meza. Mkate uliobaki unaligharimu duka unga, chachu, sukari kidogo na umeme wa tanuri. Mteja aliyeukosa mkate jioni anakwenda duka la jirani, na huko hanunui mkate tu. Ananunua na maziwa, na mafuta, na sabuni, na kesho anaanzia hukohuko. Ukilinganisha hasara hizo mbili, mikate kumi kwenye pipa ni gharama ndogo ya kuifanya rafu ionekane hai hadi mlango ufungwe. Imo kwenye bajeti, kama taa za nje.

Nilikuwa nimeifikiria mikate ya kwenye kreti kuwa ajali ya siku, mahesabu yaliyopotoka kidogo kwa sababu ya mvua au mechi.

Sehemu yake iliokwa ili ibaki.

## Watu wamezoea

Wiki ya pili nilimkuta yule kijana akipanga keki, nikamuuliza kwa sauti ya chini kulikoni stika. Alitazama huku na huku. Meneja alikuwa ameamua kwamba Jumanne na Alhamisi hakuna kupunguza bei.

"Kwa nini?"

"Watu wamezoea, mama."

Maneno hayo matatu ndiyo yaliyobadilisha makala haya, maana nilikuwa nimejiandaa kuandika kuhusu duka na sikujiandaa kuandika kuhusu mimi. Alinieleza, kwa heshima ya mtu asiyejua kwamba anamchoma mwenzake, kuwa mauzo ya mikate kati ya saa kumi na moja na saa moja jioni yalikuwa yameshuka tangu stika zianze. Watu waliokuwa wakinunua kwa bei kamili wakipita kutoka kazini walikuwa wamejifunza kupita baadaye. Mikate iliyowekewa stika iliongezeka, wanaoingojea wakaongezeka, na siku moja meneja alipokaa na takwimu zake aliona kwamba stika haiokoi tena mkate uliokuwa unakwenda kutupwa. Inaupunguzia bei mkate ambao ungenunuliwa.

Nani hao waliojifunza kungoja?

Mimi hutoka kazini saa kumi na moja na nusu. Tangu Januari nilikuwa nimezoea kukaa ofisini nikimalizia hili na lile, au kupita kwa rafiki, ili nifike dukani baada ya saa mbili. Mikate minne kwa wiki, shilingi 30 zilizookolewa kwa kila mmoja, ni shilingi 120 kwa wiki, na kwa mwaka ni 6,240. Nilikuwa nimeitaja hesabu hiyo mezani nyumbani kwa fahari, nikiwafundisha watoto maana ya kubana matumizi.

Kwangu mimi, 30 ilikuwa ushindi mdogo. Kwa yule bibi ilikuwa ndiyo bei ya mkate; hakuna bei nyingine aliyoweza kuijibu. Tulisimama pamoja mbele ya rafu moja, tukangojea mashine moja, nami ndiye niliyekuwa na miguu ya haraka zaidi stika zilipobandikwa. Na kwa kuwa watu kama mimi tulikuwa wengi, stika ikaondolewa, mimi nikanunua maziwa nikaenda zangu, yeye akafunga fundo la leso.

Nilijitetea, bila shaka. Nilijiambia kwamba mkate ni mkate. Ukiliwa na mhasibu au ukiliwa na bibi, umeliwa, haukutupwa, na lengo lilikuwa usitupwe. Kama kuna dhambi hapa basi ni ya roho na si ya chakula. Utetezi huo niliukumbatia kwa siku kama tano hivi, na ungenifaa hadi leo kama nisingeosha friji.

## Droo ya chini

Jumamosi iliyofuata nilitoa kila kitu kwenye friji nikakipanga juu ya meza. Palikuwa na nusu mkate uliokuwa mgumu kama sponji lililosahaulika juani. Palikuwa na mkate mwingine, haujafunguliwa kabisa, wenye duara la kijani lenye manyoya meupe pembeni kwenye kona ya chini, upande usioonekana. Skonzi tatu. Kikombe cha mtindi kilichopitisha tarehe yake kwa siku nne, kifuniko kimevimba. Vyote vilikuwa na stika ya njano, na stika zilikuwa nzima, bei mpya juu ya bei ya zamani, kana kwamba zilibandikwa jana.

Nilikaa kitini nikazitazama.

Nilikuwa nimenunua taka za duka, nikazibeba kwa matatu hadi nyumbani, nikazitunza kwa umeme wangu, na sasa nilikuwa nakwenda kuzitupa kwa gharama yangu.

Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako hapohapo Gigiri, Nairobi, lilitoa ripoti mwaka 2024 iliyokadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula katika maduka, mikahawa na majumbani. Nilikuwa nimeisoma zamani na kukumbuka jumla tu. Niliporudi kwenye mgawanyo niliona kwamba maduka na wauzaji wengine wa rejareja walihesabiwa tani milioni 131, karibu asilimia 12. Majumba yetu yalihesabiwa tani milioni 631, asilimia 60. Wala si jambo la nchi tajiri pekee, kwa kuwa ripoti hiyo inasema tofauti ya wastani wa majumba kati ya nchi zenye kipato kikubwa na zile za kipato cha kati cha chini ni kilo chache tu kwa mtu kwa mwaka.

Stika ya nusu bei ni chombo kizuri cha kuhamisha mkate kutoka kwenye daftari la upotevu la duka. Inakoishia safari hiyo, daftari halisemi. Mkate ulioozea kwangu ulihesabiwa dukani kuwa umeuzwa, umeokolewa, na meneja akawa na haki ya kufurahi. Nilikuwa nimeununua kwa sababu ya stika, si kwa sababu ya njaa. Bei ilikuwa imejibu swali ambalo tumbo halikuuliza.

Na niliuharibu kwa ujinga pia, hili nilikiri. Nilikuwa nikiutia mkate kwenye friji nikidhani naulinda, kumbe baridi ile ya friji ndiyo inayouharakisha kuwa mgumu: wanga uliolainika wakati wa kuoka hujipanga upya na kukaza, na hufanya hivyo upesi zaidi kwenye ubaridi wa friji kuliko juu ya meza. Kwenye sehemu ya kugandisha barafu ungedumu wiki kadhaa. Ugumu huo wenyewe si uozo. Mkate mgumu ukipashwa moto hulainika tena kwa muda, na ukiloweshwa kwenye chai haujui kwamba ulikuwa mgumu. Kuvu ni jambo jingine, na mkate wenye kuvu haufai kukatwa kona ukaliwa, kwa sababu nyuzi zake huwa zimepita ndani kabla rangi haijaonekana nje.

## Kiporo

Mama yangu, aliyetulea kule Njoro, hakuwa na friji, na sikumbuki mkate ukitupwa. Alikuwa na kiporo. Ugali wa jana ulikatwa vipande ukakaangwa asubuhi, wali uliobaki ulipashwa, ukoko uligombaniwa. Nimekuwa nikiyafikiria maneno haya wiki hizi. Kiswahili kina kiporo kwa chakula kilicholala kikingoja kuliwa, kina makombo kwa masazo ya aliyekwisha kula, na kina ukoko kwa kilichoshika sufuria. Maneno yote hayo yanamhitaji mtu aliyepika au aliyekula. Nilitafuta neno la chakula kisichoguswa na yeyote, kilichotoka tanurini saa nane mchana na kuingia kwenye pipa saa tatu usiku kikiwa bado kinanukia, na sikulipata. Tunasema bei ya kutupa, lakini hiyo ni ya kitu ambacho mtu anakifikia mkononi.

Nisieleweke kwamba nawaambia watu wale chochote. Nchi hii ina sababu ya kuwa mkali kuhusu chakula kilichoharibika: mwaka 2004 sumu ya kuvu kwenye mahindi iliwapata watu 317 katika eneo la mashariki, hasa Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Nikimsikia meneja akisema anaogopa kutoa chakula cha bure kikamdhuru mtu, sisemi anajificha. Isitoshe, kuna kitu kinachonichukiza katika wazo kwamba maskini ndiye aliyeumbiwa kula kilichokaribia kuharibika. Lakini mkate wa saa nane mchana haujakaribia chochote. Tarehe ya mtindi au nyama inazungumzia usalama. Ile ya mkate na biskuti huzungumzia zaidi ladha na ulaini, nasi tumezoea kuzisoma zote kwa hofu moja.

Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2016 inayozuia maduka ya zaidi ya mita za mraba 400 kuharibu kwa makusudi chakula kinachofaa kuliwa, na kuyataka yaingie makubaliano na mashirika ya hisani. Zamani ningeinukuu na kumaliza makala hapo. Sasa najiuliza nani angekuja na gari hapa Nakuru saa tatu usiku, mwenye sanduku la baridi na orodha ya watakaopokea kabla ya asubuhi, na nani angemlipia mafuta. Sisi tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, ambayo inatutaka tutenganishe taka zinazooza na zisizooza, na ni sheria njema, maana kinachooza kwenye lundo lisilopitisha hewa hutoa methani. Ila inaanza kazi pale mkate ulipokwisha kuitwa taka.

## Fungu

Soko la Wakulima liko mwendo mfupi kutoka duka lile. Kuna mama ninayenunua kwake nyanya, naye hufunga karibu na magharibi. Asubuhi fungu lake la shilingi 50 lina nyanya sita. Jioni bei ni ileile 50, lakini fungu lina nane, au kumi, na zile zilizolainika anazirushia juu kama nyongeza.

Nilikuwa nimeliona jambo hilo maisha yangu yote bila kulifikiria. Bei yake haishuki. Fungu ndilo linalokua, na halikui sawa kwa kila mtu. Siku moja nilifika jioni nikaona aliyenitangulia, mama mwenye mtoto mgongoni, akipewa kumi na moja. Zamu yangu ilipofika nikapewa saba.

"Mbona yangu machache?" nikamuuliza.

"Mama Neema," akasema, akicheka bila kuacha kufunga, "wewe una mshahara."

Hakuna mashine ya stika inayoweza kusema hivyo. Sisemi soko ni pepo. Wakati wa mvua za Aprili ukipita nje ya soko lolote utaruka majani ya kabichi yaliyooza hadi kifundoni, na yule mama naye hutupa, tena hutupa mtaji wake mwenyewe. Wala sitaki meneja wa duka aanze kunitazama viatu ndipo anitajie bei. Lakini yule mama anakijua kiasi alichonacho na anamjua anayempa, na anaamua mwenyewe, papo hapo, nyanya ikiwa mkononi. Kijana wa mikate alikuwa na mkate mkononi na bibi mbele yake, umbali wa hatua moja, naye hakuwa na uwezo wa kuamua lolote.

## Saa kumi na mbili

Mwishowe nilimwendea meneja. Nilitarajia mtu mgumu, nikamkuta amechoka. Alinisikiliza akiwa amesimama, akasema kwamba anapimwa kwa namba mbili, mauzo na upotevu, na kwamba kila anachofanya kuipoza moja kinaiwasha nyingine. Nilimwambia kwamba nilikuwa mmoja wa wale waliozoea. Alicheka kidogo, kama mtu aliyekuwa akijua. Nikamuuliza kama haiwezekani kuoka kidogo kidogo, tanuri la mwisho likawa dogo, na bei ishuke kwa hatua badala ya kuanguka mara moja. Alisema atafikiria, maneno ambayo Wakenya tunayajua.

Siku kumi baadaye nilipita dukani saa kumi na mbili na kuona stika ndogo kwenye mikate ya asubuhi: shilingi 50. Mikate ya mchana ilikuwa bado 60. Rafu ya chini ilikuwa tupu, imefunikwa kwa kikapu cha mapambo ili isionekane. Sijui kama ni kwa sababu ya maneno yangu, na sidhani. Huenda makao makuu waliamua. Nilinunua mmoja wa 60, nikiwa sina hakika ninamsaidia nani. Mume wangu alipoiona risiti aliuliza kama nimepandishwa cheo.

Alhamisi iliyopita nilichelewa kwelikweli, kwa kazi na si kwa hila, nikaingia dukani saa mbili na nusu kutafuta maziwa. Mashine ya stika ilikuwa ikilia, ingawa ilikuwa Alhamisi. Palikuwa na mikate kama sita hivi, na mbele yake yule bibi, leso ileile juu ya sweta ileile. Aliuchukua mkate wa kwanza, akaubonyeza kwa kidole gumba, akaurudisha. Kisha akaingiza mkono hadi nyuma ya rafu, hadi kwenye kiwiko, akautoa wa mwisho, akaubonyeza, akautia kwenye kikapu.